Kuku Akikimbia Mayai, Chunguza Kiota

Leo tutazungumza juu ya kuku anayeatamia, na juu ya wadudu wanaokaa kwenye kiota chake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha jambo hili kuliko vitabu vyote nilivyosoma pale Uyole.

Ilikuwa mwezi wa Juni, huko Isongole. Wanaopajua wanajua Juni ya pale ilivyo. Ukungu unashuka kutoka mlimani, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na jua unaliona saa chache tu. Nilifika kwa mama mmoja ambaye alikuwa na mtetea mweusi, mzuri, mtagaji. Alikuwa amemwekea mayai 12 ndani ya tenga la mianzi, na tenga lenyewe liko jikoni, limebanwa katikati ya ukuta na mafiga ili kuku apate joto. Siku ya 13 kuku akainuka, akatoka, asirudi tena. Mayai yakapoa, vifaranga wakafia ndani.

Yule mama akaniambia, "Bwana shamba, kuku huyu ana kisirani. Mwaka jana alifanya hivi hivi. Jumapili namchinja."

Nikamzuia. Nikamkamata kuku, nikafunua manyoya, nikaona ngozi nyekundu na upanga uliopauka. Nikasema, huyu ana wadudu. Nikampaka unga wa dawa chini ya mabawa, kifuani na karibu na njia ya haja, nikaondoka nikiwa nimeridhika sana. Baada ya wiki chache akaatamia tena, mayai 10, katika tenga lile lile. Siku ya 14 akatoka mbio.

Niliporudi, mama yule hakunikasirikia. Alinikaribisha kiti, akanitazama, akasema: "Mwanangu, ulimpa dawa mgonjwa, kumbe ugonjwa uko kitandani."

Basi, ndugu wakulima, maneno hayo ndiyo somo la leo. Mayai 22 yalipotea. Wengine wataona ni jambo dogo, lakini ninyi mnajua vifaranga 15 wakikua vizuri ni madaftari ya watoto na chumvi na sabuni ya nyumba kwa muda mrefu.

Sasa tuelewane kwanza juu ya wadudu wenyewe, kwa sababu watu wengi huwaita wote utitiri, halafu dawa inakwenda kombo. Chawa wa kuku huzaliwa, huishi na hufa juu ya kuku. Mayai yake ameyagandisha kwenye mashina ya manyoya. Ukimtoa juu ya kuku, haishi siku nyingi, hufa kwa kukosa chakula na joto. Huyo unaweza kumfuata juu ya mwili wa kuku, na kiota kiwe hapa au kule hakimsumbui sana. Wapo pia utitiri wa aina fulani ambao hubaki kwenye manyoya karibu na njia ya haja mchana kutwa, hata manyoya yakawa meusi kwa uchafu wao. Hao nao utawaona ukimshika kuku mchana.

Lakini yupo utitiri mwekundu. Huyu ana tabia ya mwizi. Mchana hakai kwa kuku hata kidogo. Hujificha kwenye nyufa za mbao, kwenye viungo vya mianzi, chini ya nyasi za kiota, mahali penye giza. Usiku kuku akitulia, hutoka, hupanda, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Ni mdogo, hafiki milimita moja na nusu. Akiwa na njaa ana rangi ya kijivu. Akishiba anakuwa mwekundu. Kwa hiyo mimi niliyemkagua kuku saa nne asubuhi na kumpaka dawa, nilikuwa nimefika wezi wameshaondoka. Nilipata wachache waliochelewa, nikadhani nimewamaliza.

Tazameni sasa hesabu yake, ndipo mtajua kwa nini kuku alikimbia katika wiki ya pili na si siku ya tatu. Utitiri jike akishanyonya damu hutaga mayai machache, manne mpaka manane hivi, halafu hunyonya tena na kutaga tena. Mahali penye joto zuri, yai huanguliwa kwa siku mbili au tatu, na kutoka yai mpaka utitiri mkubwa anayetaga huchukua kama siku 7 mpaka 10. Kuku naye anaatamia siku 21. Tuseme siku unayomweka kuku kwenye tenga, wamo majike 20 tu waliobaki kwenye nyufa kutoka mwaka jana. Kila mmoja akitoa watoto 20, kufika siku ya 10 wapo 400. Nusu wakiwa majike na wakafanya kama mama zao, kabla ya siku ya 21 wapo elfu nne. Wote wanamnyonya kuku mmoja, ambaye hali vizuri, haondoki mahali pake, na usiku haoni. Hapo hata wewe ungetoka mbio.

Labda mtu atauliza: hao 20 walikula nini mwaka mzima, maana kiota kilikuwa kitupu? Jibu ni kwamba utitiri mwekundu ana uvumilivu wa ajabu. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula, akingoja. Ndiyo maana kiota kinachotumika mwaka hadi mwaka mahali pale pale ni hatari kuliko kiota kipya. Kuku mweusi hakuwa na kisirani. Alikuwa anarudishwa kila mara kwenye kitanda kile kile.

Haya, tuje kwenye jambo la mahali, maana hapo ndipo Isongole inapotofautiana na sehemu nyingine. Joto na unyevu wa kiota ndivyo vinavyoamua ni mdudu gani atastawi na kwa kasi gani. Utitiri mwekundu katika baridi ya nyuzi 15 hukua polepole mno, wiki kadhaa badala ya siku saba. Baridi ikizidi zaidi, husimama kabisa, ingawa hafi. Joto likipita nyuzi 45, hufa. Yeye anapenda katikati, na anapenda hewa yenye unyevu. Sasa fikiria jiko letu la Isongole mwezi wa Juni. Nje ni baridi, utitiri wangelala. Ndani moto unawaka asubuhi na jioni, chungu cha maharage kinatoa mvuke, ukuta ni wa mianzi na udongo wenye nyufa, na mwanga ni hafifu. Sisi kwa huruma tunamwekea kuku tenga kando ya mafiga. Tumempa kuku joto, lakini tumewapa utitiri joto lile lile, na mvuke juu yake, na nyumba za kulala kwenye kila kiungo cha mwanzi. Wengi huamini kwamba moshi wa jikoni huwaua. Moshi hauingii ndani ya ufa wa kutosha kuwaua. Ungekuwa unawaua, jiko la yule mama lisingekuwa na hata mmoja, maana mimi mwenyewe nilitoka mle natokwa machozi.

Viroboto ni habari nyingine. Yule kiroboto mweusi anayejishikiza usoni mwa kuku, kuzunguka macho na kwenye upanga, hang'oki kirahisi. Jike hukaa pale siku nyingi akinyonya. Lakini mayai yake hudondoka chini. Watoto wake, wenye umbo la funza wadogo, huishi kwenye vumbi na takataka chini ya kiota, mahali pakavu pasiponyeshewa, penye kivuli. Udongo ukilowa sana hawaishi. Kwa hiyo kiroboto huyu hustawi zaidi nchi za joto na mchanga kuliko kwetu milimani. Anayenunua kuku kutoka mabondeni amkague usoni kabla ya kumchanganya na wengine. Papasi wa kuku naye, yule bapa anayejificha kwenye nyufa, ni wa nchi kavu zenye joto, kama Dodoma. Huku juu simhofii sana.

Mmeona ugumu ulipo? Ukikimbia vumbi la kiroboto ukaweka kiota mahali penye unyevu, unamkaribisha utitiri, na mayai nayo huoza. Ukiweka nje kwenye baridi, utitiri wanalala, lakini mayai yanapoa kuku akitoka kula, na kicheche anakuja usiku. Hakuna mahali pamoja panapofukuza kila mdudu. Hivyo tusitafute pembe ya bahati. Tutafute kiota kinachoweza kusafishwa na kuhamishwa.

Na katika jambo hili hata ndege wa mwituni wametutangulia. Huko Nebraska, Marekani, kuna mbayuwayu wanaojenga viota vya udongo kwa mamia pamoja, chini ya majabali na madaraja. Wataalamu walianza kuwachunguza miaka ya 1980. Viota vyao hushambuliwa na mdudu wa jamii ya kunguni, anayengoja ndani ya kiota kitupu mpaka ndege warudi. Wataalamu walipopuliza dawa kwenye baadhi ya viota, makinda ya mle yalikuwa na uzito zaidi kuliko ya viota visivyopulizwa. Na ndege wenyewe wakirudi hukagua viota vya zamani, na mara nyingi huacha vile vyenye wadudu wengi, wakajenga vipya, ingawa kubeba udongo mdomoni ni kazi kubwa. Ndege wengine wa jamii ya kwezi, huko huko Marekani, huingiza majani mabichi yenye harufu kali kwenye viota vyao, na miaka hiyo hiyo ya 1980 ilionekana kwamba baadhi ya majani hayo hupunguza utitiri. Kuku wetu hana uhuru huo. Anakaa pale tulipomweka, na kazi ya kukagua imebaki kwetu.

Basi tukague. Dalili unazoweza kuona bila kusubiri usiku ni hizi: upanga uliopauka, kuku anayesita kuingia kiotani jioni, madoa madogo ya damu kwenye maganda ya mayai, na vumbi la kijivu kama majivu na pilipili kwenye pembe za kiota. Watoto wanaolala karibu na jiko wakianza kujikuna bila kuona kunguni, usimlaumu mtoto kwa uchafu. Utitiri wakikosa kuku huwauma watu, hasa kuku akishatoka kiotani. Hawawezi kuishi na kuzaana kwa damu yetu, lakini kuwasha wanawasha.

Ukitaka hakika, chukua kipande cha boksi gumu lile lenye mikunjo ndani, ukikunje, ukichomeke chini ya nyasi za kiota jioni. Kikae siku mbili tatu. Utitiri hupenda kuingia kwenye vile vijitundu. Kitoe mchana, kikung'ute juu ya kitambaa cheupe. Mimi na yule mama tulifanya hivyo usiku mmoja tu, na kitambaa kilionekana kama kimenyunyiziwa pilipili inayotembea. Boksi hilo usilirudishe. Litupe kwenye moto papo hapo.

Juu ya chombo cha kiota, nina maoni yangu. Tenga la mianzi ni zuri kwa kubebea kuku sokoni, si kwa kuatamia. Lina viungo mia. Boksi la mbao ni afadhali kidogo ikiwa mbao zimerandwa, lakini nalo lina misumari na mapengo. Kwa watu wa Rungwe nashauri chungu. Wakisi wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu ambavyo huuzwa hata masoko yetu ya huku juu. Kile kilichopasuka mdomo, kisichofaa tena kupikia, ndicho hasa kinachofaa, mradi kiwe na mdomo mpana na kuku akae bila kubanwa. Ndani ni laini, hakuna ufa wa kujificha. Kabla ya kukitumia unakipindua juu ya moto mpaka kipate moto kabisa, na hakuna utitiri wala yai lake litakalobaki. Ubaya wake ni kwamba udongo ni baridi. Kwa hiyo weka chini mchanga mkavu kidogo uliochanganywa na majivu, kisha nyasi kavu nene, unene wa kiganja hivi.

Nyasi ziwe zimeanikwa juani, hata kama jua la Isongole ni la saa mbili tu. Majani makavu ya mgomba nayapenda kwa mambo mengi, lakini si kwa kiota. Ganda la mgomba lina vijumba vingi ndani, nalo hunyonya unyevu.

Chungu hicho kinaweza kukaa jikoni, sikatai, maana mayai yanahitaji kulindwa na baridi ya Juni. Lakini kisiguse ukuta. Kiinue juu ya kichanja kidogo au mawe, mbali na mvuke wa vyungu vya chakula. Ukiweza, simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye mafuta machafu kidogo, ili utitiri wa ukutani wasipande. Ukuta ulio karibu uzibe nyufa kwa udongo na kuukandika vizuri. Mbao za zamani zimwagie maji yanayochemka, tena yanayochemka kweli, siyo ya vuguvugu. Mafuta ya taa watu hupenda kuyapaka, lakini karibu na moto na ukuta wa mianzi mimi sithubutu kukushauri.

Sasa dawa. Majivu ni mazuri yakiwa makavu. Kazi yake ni kukwangua na kukausha ngozi ya mdudu, hivyo majivu yaliyokwisha kunyonya ukungu hayana nguvu. Huku kwetu uyabadilishe mara nyingi, yatoke mekoni siku hiyo hiyo. Pareto, ambayo hulimwa kwenye milima hii yetu ya Mbeya, ni dawa ya kweli. Maua yaliyokauka vizuri kivulini, yakasagwa yakawa unga laini, yanyunyizwe chini ya nyasi na kwenye manyoya ya kuku jioni. Lakini mwanga wa jua huiharibu haraka, basi itunze kwenye kopo lililofunikwa, gizani. Na haiui mayai ya utitiri. Rudia baada ya siku tano mpaka saba, kuwapata waliozaliwa.

Dawa za kahawa, za viazi na za nyanya, hizo hapana. Nasema hapana kabisa. Ganda la yai lina vitundu vinavyopitisha hewa, na sumu hupita humo. Kuku huyo atakuja kuliwa na watoto wako. Wala mafuta machafu ya gari yasimguse kuku wala yai.

Siku ya 10 hivi, badilisha nyasi. Wengi huogopa kumsumbua kuku, lakini yeye mwenyewe hutoka mara moja kwa siku, dakika kama 20, kula na kujisaidia. Ngoja atoke. Yapange mayai kwenye kikapu chenye kitambaa chenye joto, toa nyasi zote, weka mpya, rudisha mayai, ondoka. Fanya upesi, na usiruhusu watoto wakusanyike kutazama. Kuanzia siku ya 18 usiguse kitu, vifaranga wanajipanga kutoka. Wakati huo wote awepo na mahali pakavu chini ya upenu, penye udongo mlaini na majivu, ili akitoka ajigaragaze. Kuku hajigaragazi kwa mchezo. Anajisafisha.

Vifaranga wakishatoka, watu hufurahi wakasahau kiota. Hapo ndipo mwaka ujao unapoharibika. Nyasi za zamani zichomwe siku hiyo hiyo, si kutupwa nyuma ya nyumba, na chungu kirudi juu ya moto, kisha kifunikwe mahali pakavu.

Yule mama alimweka mtetea wake mweusi mara ya tatu mwezi wa Agosti, mayai 11 katika chungu. Niliogopa kuliko yeye. Siku ya 14 nilipita njia ile makusudi, nikachungulia, kuku amekaa, amevimba kwa hasira kama kawaida yao, akanidonoa mkono. Sijapata kufurahi kudonolewa namna hiyo. Walitoka vifaranga 9; yai moja lilikuwa viza, moja lilivunjika.

Nilipofika kuwaona, nyasi zilikuwa zimeshachomwa na chungu kiko motoni. Nikauliza lile tenga la mianzi liko wapi. Mama akanionyesha sufuria ya chai. "Ndilo linalokuchemshia," akasema.